Mti wa Epo wa Bibi Marselina na Kamati ya Kuulinda

Wananchi, tusimame. Wenye kofia wavue, wenye simu wazime, na wewe uliyeegemea mgomba jiweke sawa, hii ni shughuli ya serikali ya kitongoji. Inatangazwa rasmi ya kwamba hapa Chabwelu, kitongoji kilichoning'inia kwenye milima ya juu ya Lumuma kama shati lililosahaulika kwenye kamba, umegunduliwa Urithi. Urithi huo una urefu wa mita nne na ushee, una magome yenye vipele, umeinamia upande wa choo, na umegunduliwa mahali ulipokuwa siku zote, yaani nyuma ya jiko la Bibi Marselina.

Bibi Marselina mwenyewe, alipoambiwa kwamba nyuma ya jiko lake kumegunduliwa kitu, alitoka mbio na fimbo akidhani ni nyoka.

Huyu bibi ana miaka sitini na tisa kwa mujibu wa kitambulisho cha taifa, na sabini na mbili kwa mujibu wa dada yake, ambaye anadai alimbeba mgongoni. Analima maharage na vitunguu. Anaongea Kisagara na kuku, Kiswahili na watu, na humsalimia Mungu kwa lugha yoyote itakayotangulia. Mumewe, Wenceslaus, alifariki miaka tisa iliyopita. Mtoto wake wa pekee, Ditram, yuko Kilosa mjini anatengeneza pikipiki, na kila akipiga simu humwomba mama yake ashuke wakaishi wote. Mama yake humjibu kwamba Kilosa kuna joto, kisha humuuliza kama amekula.

Mti wenyewe ni wa epo. Najua, msomaji wa Tindiga, kule bondeni, ameshacheka; kwake epo ni tunda linalokuja kwenye boksi, limebandikwa kikaratasi, na linaliwa na wagonjwa. Lakini milimani kwetu Juni ikifika watu huoga kwa kusukumana, na kwenye baridi ya namna hiyo mti wa epo unaweza kuishi, ingawa kwa manung'uniko.

Uliletwa na baba mkwe wake, mzee Alfred, aliyekuwa mpishi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge kule chini. Mgiriki alishindwa na joto, akajenga kijumba milimani na kupanda miti ya kwao kukizunguka, ili akishikwa na simanzi awe na mahali pa kuegemea. Siku alipofunga virago alimwachia mpishi wake sufuria tatu, koti la mvua, na ruhusa ya kung'oa mche mmoja. Mzee Alfred, baada ya tafakuri ndefu, aling'oa uliokuwa karibu na njia. Ulikuwa wa aina gani? Hakuuliza. Mgiriki naye hakusema. Kwa hiyo mpaka leo jina la aina hiyo ni epo.

Miaka saba mti ule haukuzaa hata aibu. Mwaka wa nane, mbuzi wa jirani alikata kamba, akaingia bustanini, akala majani yote ya matawi ya chini mpaka pale shingo yake ilipoishia. Mama mkwe wa Marselina alimkimbiza mbuzi, halafu akamkimbiza mwenye mbuzi. Wiki tatu baadaye matawi yaliyoliwa yakatoa maua, meupe yenye wekundu wa mbali, wakati matawi ya juu yamekaa tu na majani yao, hayana habari. Mama mkwe akatazama chini, akatazama juu, akamtazama mbuzi. Mwaka uliofuata hakumsubiri mbuzi. Aliunyonyoa mti mzima kwa mkono.

Wataalamu wana maelezo yao. Wanasema mti huu ni wa nchi zenye baridi kali, ambako majani huanguka yenyewe, mti ukalala, kisha ukaamka na maua. Kwetu baridi inauma watu lakini haitoshi kuangusha jani. Basi mti unakaa macho mwaka mzima kama mlinzi wa ghala, umechoka, haujui ni msimu gani. Ukiunyonyoa, unadhani umelala. Ukishadhani umelala, unashtuka na kuamka. Katika habari hii wengi watachanganyikiwa, lakini haki itendeke: wa kwanza kuchanganyikiwa alikuwa mti.

Marselina alikabidhiwa kazi hiyo alipoolewa, pamoja na sufuria mbili (moja ilikuwa imetoboka). Kila mwaka, katikati ya Juni, ile wiki ambayo maji ya ndoo yanauma meno, hubeba kigoda na ngazi na kunyonyoa jani moja moja, siku mbili, akiacha lile jicho dogo lililo kwenye shina la jani, maana humo ndimo ua linamolala. Januari huvuna. Epo zake ni ndogo kama limau, za kijani zenye shavu moja jekundu, na ukali wake unaweza kumfanya padri akumbuke dhambi alizokwisha kuungama. Nyingi huzichuma kabla hazijaiva, huzikata vipande na kuvianika juu ya bati, halafu huvitupia kwenye maharage na kwenye mchuzi wa kambale mkavu. Wanawake wa Tindiga hupanda na kambale wao na kushuka na vipande vyake, na hakuna upande uliowahi kulalamika. Zinazobaki mtini mpaka ziive huzifungia kwenye kopo lenye pumba, na kopo hulitia sanduku la nguo, ndiyo maana vitenge vyake vyote vinanukia kama sikukuu.

Kuna mwaka mmoja tu hakunyonyoa. Ni mwaka ambao Wenceslaus alilazwa Juni yote. Mti ukabaki na majani yake, kijani kibichi, mzuri wa kupigia picha, tasa. Mwaka wa pili yake akaunyonyoa kwa wakati, ukatoa epo kumi na moja. Ukaja kumsamehe mwaka wa tatu, na wakati huo Wenceslaus alikuwa kaburini. Hesabu hiyo Marselina anaijua. Mtu wa umri wake akipoteza msimu mmoja, anapoteza miwili, na hana uhakika kama wa tatu upo kwenye fungu lake.

Sasa tuje kwenye Urithi.

Februari alipanda milimani dada mmoja aitwaye Loveth, mnunuzi wa hoteli fulani ya kitalii ya Mikumi. Alikuwa anatafuta vitunguu. Mvua ikamfungia nyumbani kwa Marselina, na mtu aliyefungiwa na mvua analishwa. Akala maharage. Kijiko cha tatu akasimama.

"Bibi, humu umetia nini?"

"Maharage."

"Hapana, hiki kikali."

"Epo."

"Epo gani?"

"La hapo nje."

Loveth akatoka na mvua yake, akauzunguka mti, akaupiga picha kuanzia mizizi. "Bibi, hii ni aina ya asili! Haipo popote!"

"Ipo hapo," Marselina alimwonyesha tena, akidhani dada haoni vizuri kwa sababu ya mvua.

Video ile ilitembea. Ilishuka Kilosa, ikaenda Mikumi, ikarudi Lumuma, na mwisho ikaingia kwenye simu ya Lazaro, mwenyekiti wa kitongoji cha Chabwelu. Lazaro alikuwa na jeraha moyoni: kitongoji cha jirani kilikuwa na maporomoko ya maji yenye kibao, na yeye hakuwa na kitu cha kukibandika kibao. Alipoona video aliitisha mkutano. Ikaundwa Kamati ya Ulinzi wa Mti wa Urithi, wajumbe saba, mwenyekiti Lazaro, katibu Lazaro kwa muda. Likaandikwa tamko lenye vifungu kumi, likapigwa muhuri. Kikasimikwa kibao. Ikapangwa tarehe ishirini na nane Juni Loveth alete wageni kutoka Mikumi, watu waliokwisha kushiba tembo, waje waone mti.

Na akateuliwa mlinzi, mgambo Abeli, baba wa watoto wanne, mtu mwaminifu ambaye akitumwa maji huleta na risiti.

Abeli aliripoti kazini mwanzoni mwa Juni na kiti chake. Kila asubuhi alipiga saluti kwa mti, akamwamkia bibi, akanywa uji wa bibi, akakaa. Siku ya kwanza aliuliza anaulinda mti dhidi ya nani. Lazaro alimjibu kwamba dhidi ya yeyote. Abeli akatazama bustani nzima kumtafuta yeyote, akamwona Marselina na kuku.

Ikafika wiki ya maji kuuma meno. Marselina akatoka na kigoda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Bibi, unafanya nini hapo?"

"Nanyonyoa."

Abeli akaruka kitini. "Aa, bibi, hapana! Kifungu cha tatu hicho."

"Cha tatu kinasemaje?"

Abeli akatoa tamko mfuko wa shati, akalifuata kwa kidole. "Hakuna mtu atakayechuma, kukata, kutikisa, kuegemea wala kuondoa sehemu yoyote ya mti, ikiwa ni pamoja na jani."

Marselina akafikiri. "Wametaja moja. Hapa yapo mengi."

"Bibi, usinitie matatani. Nina watoto wanne."

"Nawajua. Watatu nimewaogesha mimi arobaini yote, huyo wa nne alipozaliwa nilikuwa na malaria. Sogea."

"Siwezi, bibi. Haki ya Mungu siwezi. Nenda kwa mwenyekiti. Akisema ndiyo, nakushikia ngazi."

Akaenda. Lazaro alikuwa dukani kwake akipima mafuta ya taa, akaacha kupima na kumvutia kigoda.

"Shikamoo mama. Mama wa Urithi!"

"Marahaba. Lazaro, nataka kunyonyoa mti wangu."

"Kunyonyoa? Kama kuku?"

"Kama kuku. Kila mwaka nanyonyoa, na wewe kila mwaka unapita pale barabarani unaniona."

"Nilidhani unasafisha." Lazaro akashusha sauti ya duka, akapandisha ya ofisi. "Mama, majani ni mapafu ya mti. Hilo tumesoma darasa la tano."

"Basi mimi huwa nayatoa mapafu, na mgonjwa anazaa."

"Na wageni tarehe ishirini na nane wataona nini?"

"Wataona mti."

"Wataona kuni, mama! Watu watoke Mikumi na magari mawili waje kutazama kuni? Subiri wapite. Julai nyonyoa mpaka uchoke."

"Julai umechelewa. Baridi inakatika, jicho linasinzia mwaka mzima."

"Nani kasema?"

"Mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

"Alishachinjwa. Zamani."

Sasa mwenyekiti akafanya kile afanyacho kiongozi asipoelewa jambo: akafungua daftari. Mpaka leo kwenye kumbukumbu za Kamati kuna mstari unaosema hoja ya kunyonyoa imewasilishwa na mwenye bustani, chanzo cha utaalamu ni marehemu, apewe fomu. Fomu haikuwepo. Akaambiwa aandike barua kuiomba Kamati itengeneze fomu.

Marselina alirudi nyumbani polepole. Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa na mahali pa kushika. Kitu alichokuwa nacho ni kama pale unapoingia jikoni kwako ukakuta mafiga yamehamishwa hatua moja. Kila kitu kipo. Ila hujui umesimama wapi. Alifika, akautazama mti, akatazama kibao, akamtazama Abeli akitafuna muhogo alioupika yeye, akahisi kama amekuja pale kutembea na karibu ataambiwa aage.

Siku zikakatika. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Alizihesabu kwa kugusa: alipitisha kidole kwenye kijiti, bila kuondoa kitu, Abeli akimtazama kwa wasiwasi, na kidole kikamwambia macho yameanza kukaza. Zilibaki siku nne hivi, labda tano kama baridi ingekuwa na huruma. Akampigia Ditram. Ditram akasema, "Mama, achana nao, shuka huku Kilosa." Mama yake akamuuliza kama amekula.

Siku iliyofuata alivuta kigoda chake karibu na kiti cha Abeli.

"Nisomee."

"Kifungu cha tatu?"

"Tamko lote. Kuanzia juu. Nataka kusikia jina langu liko wapi."

Abeli akasoma. Alisoma kwa sauti ya misa, na kichwa cha habari, na majina ya wajumbe saba, na jina la mwenyekiti mara mbili, na jina la mlinzi, ambalo alilisoma kwa haya. Alipofika mwisho akageuza karatasi kutazama nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Halimo, bibi."

"Hata kwa bahati mbaya?"

"Halimo."

"Basi mti ni wa nani?"

Abeli akaligeuza tena tamko. Mtu mwaminifu akiulizwa swali rahisi huteseka kuliko mwongo. "Wa... wa Urithi," alisema, na mwenyewe akaonekana kutoridhika.

Marselina akachambua sahani moja ya maharage. Kisha akasema, "Rudia pale katikati. Pana mahali umetaja mkono."

"Kifungu cha tano. Mlinzi atahakikisha mti hauna wadudu waharibifu, na akiwaona atawaondoa mara moja kwa mkono, bila kutumia sumu." Hicho kiliongezwa kwa sababu Loveth alisema wageni hawapendi sumu.

"Umeshawatafuta?"

"Nani?"

"Wadudu."

Abeli akasimama wima kama aliyeitwa kwenye gwaride. Ni kweli, wiki mbili na ushee hakuwa ametafuta mdudu hata mmoja. Akageuza jani la karibu. Chini yake, wametulia kama wapangaji waliokwisha kulipa mwaka mzima, walikuwepo vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza maji ya jani. Siongezi chumvi: walikuwepo. Wapo kila mwaka.

"Bibi, wapo!"

"Naona."

"Sasa nawaondoaje? Ukiwagusa wanapondeka, wanabaki palepale."

"Hapo mimi sijui, mwanangu. Mimi simo kwenye karatasi."

Abeli akajikuna. Cha tatu kilisema hakuna mtu. Cha tano kilisema mlinzi, mara moja, kwa mkono. Je, mlinzi ni mtu? Alilipima suala hilo jasho likimtoka kwenye baridi ile, na mwisho akaamua kwamba mlinzi akiwa kazini si mtu, ni mlinzi. Akang'oa jani, akalitazama, akatazama barabarani. Mbingu haikuanguka. Akageuza la pili.

"Usivute kuelekea juu," Marselina alisema, macho kwenye maharage yake. "Unachubua jicho. Lisukume chini, litatoka lenyewe."

"Hivi?"

"Hivyo. Hapo umeua ua moja, lakini endelea."

Mchana akaomba ngazi. Akapewa. Jioni upande mmoja wa mti ulikuwa mtupu, na Abeli alikuwa ameshapata mkono. Siku ya pili alianza mapema, akivua koti.

"Bibi, hili halina mdudu."

"Geuza."

"Nimegeuza. Halina."

"Alikuwepo, amehama. Mdudu ana miguu, Abeli. Utamsubiri arudi?"

Abeli aliona hoja hiyo ni ya kiulinzi kabisa. Lilipodondoka jani la mwisho alishuka ngazi, akapiga saluti, na ndipo kwa mara ya kwanza akautazama mti mzima kwa pamoja. Uso wake ukabadilika taratibu, kama wa mtu aliyekuwa anafuta ubao vizuri sana kisha akakumbuka ulikuwa na mtihani.

"Bibi," alinong'ona. "Nimefanya nini?"

"Umeondoa wadudu."

Tarehe ishirini na nane magari mawili yakapanda kutoka Mikumi. Lazaro alitangulia mbele amevaa suti ya harusi ya mtu mwingine, akiwaongoza wageni kwa kinyumenyume huku akieleza, kwa hiyo alikuwa wa mwisho kuuona mti. Aliona kwanza nyuso za wageni. Akageuka. Mbele yake ulisimama Urithi wa Chabwelu, uchi wa mnyama, umeinamia choo.

"Abeli!" Sauti ilimtoka nyembamba. "Nani?"

"Mimi, mwenyekiti! Kwa mujibu wa kifungu cha tano. Wadudu wote wameondolewa. Hakuna aliyebaki!"

"Na mahali pa kukaa hao wadudu hapakubaki!"

Loveth alimsogelea Marselina, macho yamemtoka. "Bibi, umekufa?"

"Nani?"

"Mti!"

"Haujafa. Umelala."

Loveth akawageukia wageni na kuwatafsiria kwamba mti umelala. Sasa sijui huko kwao wamefundishwaje, lakini wageni wote tisa wakashusha sauti. Mzee mmoja mwenye kamera kubwa akavua kofia. Wakauzunguka mti kwa ncha za vidole vya miguu, wakinong'onezana, na mama mmoja akamwonyesha mwenzake ishara ya kunyamaza kwa sababu alikohoa. Lazaro aliyatazama hayo akiwa hajui kama anadhalilishwa au anaheshimiwa. Ili asikosee akainamisha kichwa, na wajumbe sita waliobaki wakainamisha vyao, na kwa dakika kama tatu hivi kitongoji kizima cha Chabwelu kilisimama kimya mbele ya vijiti.

Wageni walipoondoka ndipo ngurumo zikaanza. Kamati ikakaa kikao cha dharura. Wapo waliotaka Abeli avuliwe ugambo. Lakini kila walipotafuta kosa lake kwenye tamko walikuta sifa yake. Wapo waliotaka Marselina aitwe ajieleze, ila jina lake halikuwemo popote, na mjumbe mmoja akauliza kwa uchungu mtu asiyekuwemo anaitwaje. Mwisho wakaazimia kusubiri. Mti ukifa, wote wamejiuzulu. Usipokufa, watakaa tena.

Marselina naye alisubiri, na hakuna aliyesubiri vibaya kuliko yeye. Hakumwambia mtu, ila kazi ilikuwa imechelewa. Na Abeli, pamoja na bidii yake, alikuwa amechubua macho mengi, hasa siku ya kwanza. Alikwenda mtini kila alfajiri baada ya kuwasha moto, akapitisha kidole kijiti kwa kijiti. Kikavu. Kikavu. Siku ya kumi, kikavu. Abeli, ambaye hakuna aliyemwambia aendelee wala aache, aliendelea kuja, akakaa, akauangalia mti kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Uji hakuumaliza.

"Bibi, ukigoma?"

"Ukigoma umegoma."

"Halafu?"

Marselina aliingia jikoni, akafunua kopo la vipande vikavu, akakuta vimebaki vya kutosha mpaka Septemba kama atakuwa bahili. Akalifunika.

Siku ya kumi na tatu kidole kilikutana na kitu laini. Alidhani ni umande. Akavaa miwani. Kwenye kijiti cha chini, mahali ambapo Abeli alinyonyoa siku ya pili akiwa ameshajua kazi, jicho lilikuwa limepasuka na kutoa ulimi mdogo mwekundu. Na la jirani yake. Na la jirani wa jirani. Alikaa chini, pale pale kwenye umande, mikono mapajani, akasema neno refu la Kisagara ambalo kuku walilielewa.

Wiki moja baadaye mti ulikuwa mweupe wote, isipokuwa tawi moja ambalo Abeli alijifunzia kazi, na nyuki walikuwa wanagombana. Lazaro alikuja kutazama akakaa saa nzima. Kisha akaenda kuitafuta tena ile suti.

Wakajaa bustanini Jumapili baada ya ibada: Kamati, wanakijiji, Loveth na simu yake, Abeli na saluti yake. Kwaya ikaimba. Lazaro akapanda juu ya kreti, akafunua tamko jipya lenye vifungu kumi na vinne, akakohoa.

"Ndugu wananchi! Kufuatia mkakati wa Kamati wa kuondoa wadudu kwa mkono, mkakati ambao wapo walioubeza, Urithi umechanua! Kamati yenu haikulala!" Makofi. "Na Kamati inatambua mchango wa kila mmoja. Kwa hiyo, kifungu cha kwanza, natamka rasmi leo, mbele ya Mungu na mbele ya hoteli: Bibi Marselina, mjane wa Wenceslaus, mkwe wa mzee Alfred, jina lake limeandikwa hapa kwa wino, ndiye Mlezi Mkuu wa Mti wa Urithi. Atanyonyoa jani lolote, mwaka wowote, mwezi autakao, bila fomu, bila barua, bila kumuuliza mtu! Hata mimi!"

Vigelegele vikapanda mpaka mlimani. Loveth akafuta machozi. Abeli akapiga saluti kwa mikono yote miwili. Lazaro akashuka kwenye kreti, akamshika bibi mkono kwa mikono yake miwili, akamsogezea kipaza sauti kilichokuwa kinakwaruza, na kitongoji kizima kikanyamaza kusikia Mlezi Mkuu atasema nini kwa taifa.

Bibi Marselina alitazama kipaza sauti. Akatazama umati, kuanzia nyuso, akashuka taratibu mpaka miguuni.

"Nimesikia," alisema. "Mmesimama kwenye matembele."